Kuandika riwaya ya fantasia isiyomchosha msomaji

Msomaji wa riwaya kubwa ya fantasia, ile yenye falme, nguvu za ajabu na safari za miezi, ni mvumilivu. Atavumilia majina mageni, ramani yenye kasoro, hata vita vinavyochukua sura tatu. Kinachomshinda ni kukosa namna ya kupiga hesabu. Shujaa akiweza lolote wakati wowote, msomaji hana la kuhofia na kitabu kinafungwa. Lakini akijua kwamba nguvu ile ina bei, njia ile ina siku zake, na kila mtu anadaiwa kitu na mwenzake, anaanza kukokotoa mwenyewe kabla hata ya mhusika: huyu akifanya hivi, atabaki na nini? Raha ya riwaya hizi iko hapo, na mwongozo huu unafuata hesabu hiyo. Mifano mingi ni ya Mwanza na visiwani, kwa sababu Ziwa Victoria lina karibu kila kitu ambacho waandishi wa fantasia huhangaika kukibuni.

Nguvu na bei yake

Kabla ya sura ya kwanza, chukua ukurasa mmoja ujibu maswali sita. Nani anayo nguvu hii? Aliipataje? Inafanya nini? Haiwezi kufanya nini hata kwa bahati? Inachukua nini kwa anayeitumia? Na inachukua lini, palepale au baadaye? Ukurasa huo hauingii kitabuni. Ni wako, uubandike ukutani.

Swali la tano ndilo linaloharibu miswada mingi. Mwandishi anajibu "inamchosha" na kuridhika. Uchovu haufai kuwa bei, kwa sababu mtu akilala unaisha. Bei iguse kitu ambacho mhusika anakipenda na hakirudi kirahisi: kumbukumbu, sauti, miaka, uaminifu wa ndugu, haki ya kurudi nyumbani.

Kisha ipange bei hiyo. Msomaji aione ikilipwa mara mbili kabla nguvu haijatatua jambo lolote kubwa: mara ya kwanza kidogo tu, katika sura ya pili au ya tatu, mara ya pili kwa uchungu, na mtu mwingine kabisa, kabla theluthi ya kitabu haijaisha. Ukisubiri mpaka vita vya mwisho ndipo ueleze kwamba nguvu ina bei, msomaji ataona umeibuni pale ili kumwokoa shujaa au kumwua, na atakuwa sahihi.

Tazama kipande hiki, cha aina inayojaa kwenye miswada ya kwanza:

*Limi aliinua mikono yake juu, akatamka maneno ya kale. Upepo mkali ukavuma, mitumbwi ya maadui ikapinduka yote. Alihisi uchovu mwingi sana, akaanguka chini.*

Hakuna kosa la lugha hapo, ila hakuna kinachoshika. Sasa tuseme sura ya tatu ilishatuonyesha kwamba kila upepo unaoitwa humwondolea mwitaji jina moja analolijua, na kwamba upepo mmoja hugeuza mitumbwi mitatu, haizidi:

*Mitumbwi saba. Limi aliita, jina la kijiji alichozaliwa likamtoka, na mitatu ikageuka tumbo juu. Aliita tena. Mitatu mingine. Ufukweni mwanamke mmoja alikuwa akimpungia kitenge na kulia, na Limi alijua kwamba anampenda mama yule, ila hakujua ni nani. Mtumbwi wa saba bado ulikuwa unakuja.*

Kipande cha pili hakijataja uchovu, hofu wala huzuni. Namba zimefanya kazi yote. Msomaji ameshatoa sita kwenye saba, ameona kwamba umebaki mmoja, na anajiuliza jina gani litafuata. Ukiweza kumfikisha msomaji hapo mara tano au sita katika kitabu kizima, umefanikiwa.

Tenzi zetu zililijua hili zamani. Shujaa Fumo Liyongo haingiwi na silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Msikilizaji akishajua hilo, hatari inahama kutoka kwa majeshi na kukaa kwa yeyote anayeijua siri, na anayeijua ni mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa mambo makubwa na mtawala. Hata baada ya kuchomwa, Liyongo anafia kisimani akiwa amepiga goti na upinde mkononi, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Udhaifu mmoja, mwembamba, unaofahamika mapema, unabeba hadithi yote. Shujaa mwenye udhaifu kumi hana hata mmoja wa kukumbukwa.

Jambo moja la kuangalia Kanda ya Ziwa

Mwandishi wa huku akitaka mchawi wa haraka huandika kikongwe mwenye macho mekundu. Usifanye hivyo. Usukumani vikongwe wameuawa kwa panga kwa sababu ya macho hayo, ambayo chanzo chake ni miaka mingi ya moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe jikoni. Watu wenye ualbino nao wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani za utajiri. Riwaya inayokubaliana na imani hizo, hata kwa mapambo tu, inaongeza kuni kwenye moto unaowaka kweli. Alama ya nguvu katika dunia yako iwe kitu ambacho tajiri na maskini, kijana na mzee, wanaweza kuwa nacho. Ukitaka kugusa tuhuma za uchawi, iandike tuhuma yenyewe: nani anaitoa, anataka shamba la nani, mpiga ramli analipwa nini. Hiyo ni hadithi nzito kuliko kikongwe wa kutisha watoto.

Njia, upepo na mwezi

Safari ndiyo uti wa mgongo wa riwaya hizi, na ndiyo inayochosha zaidi ikikosewa. Kosa la kawaida: shujaa anachukua siku kumi kwenda, na mjumbe anayemfuata anafika kwa siku mbili kwa sababu mwandishi anamhitaji. Msomaji wa fantasia anahesabu siku. Atakukamata.

Weka viwango na usivivunje. Mtu mwenye mzigo wa kawaida kwenye njia nzuri: kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Kundi lenye watoto na mifugo: nusu ya hapo. Mtumbwi wa makasia kwenye maji matulivu: kilomita 4 au 5 kwa saa, na wapiga kasia hawawezi kwenda kutwa nzima siku baada ya siku. Upate picha ya ukubwa: mwaka 1875 mpelelezi Stanley aliondoka Kageye, upande wa kusini wa Ziwa, akalizunguka kwa mashua yenye tanga na makasia. Alirudi baada ya karibu miezi miwili. Dunia yako ikiwa na maji ya ukubwa huo, hakuna habari itakayotoka ng'ambo ya kaskazini kesho yake, labda kama kuna nguvu ya kuipeleka. Na kama ipo, tunarudi kwenye bei.

Baada ya umbali, weka saa na majira. Wavuvi wa Ziwa wanajua kwamba usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja pwani. Mwenye tanga anaondoka kabla ya alfajiri na anarudi mchana. Hapo tayari una sheria ya vita: atakayetaka kuvamia kisiwa kwa tanga atatoka gizani, na atakayetaka kukimbia kisiwani kurudi bara lazima asubiri mchana, akiwa ameonekana na kila mtu.

Dagaa nao wana kalenda yao. Wanavuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, na kambi nyingi hupumzika. Siku hizo wanaume wako mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, nyavu zinashonwa, madeni yanadaiwa. Fikiria ufalme unaoishi hivyo. Mfalme akitaka askari katika usiku wa giza, anawanyima watu chakula. Wakitaka kumpindua, watakutana mbalamwezi, maana ndipo wote wapo nchi kavu. Hujaeleza kitu, lakini msomaji akisoma tu kwamba mwezi umeanza kujaa, moyo unamwenda mbio. Jambo moja la kweli namna hii, likifuatwa mpaka mwisho wake, linazidi kurasa 20 za historia ya falme.

Ramani ichore kwa penseli, sehemu tano hadi saba tu, na kwa kila sehemu andika vitu viwili: inachokosa na inachouza. Kisiwa cha Ukara ni mfano mzuri. Ardhi ni ndogo na watu ni wengi, kwa hiyo wakulima wake walijulikana tangu zamani kwa kufungia ng'ombe, kuwakatia majani na kurudisha samadi shambani. Kisiwa cha namna hiyo katika riwaya kitakuwa na sheria kali za mipaka, ndoa zinazopangwa kwa kuangalia mashamba, na adhabu ya kuchota samadi ya jirani. Uhaba unazaa sheria, na sheria inazaa visa.

Je, kila safari iandikwe? Hapana. Safari inapewa sura yake kama mtu anafika akiwa amepungukiwa na kitu au amegeuka. Vinginevyo sentensi moja inatosha: "Siku ya tisa waliona moshi wa Busela." Wala usione aibu kuruka siku nane.

Majina

Kwa kifupi: sura ya kwanza isizidi majina manne ya watu na mawili ya mahali. Wahusika wakuu wasianze kwa herufi moja. Usukumani unaweza kuwa na Masanja, Mabula, Masunga na Maduhu katika ukoo mmoja na kila mtu akawatofautisha, kwa sababu sura zao anazijua. Msomaji hazijui, ataona Ma- na kukisia. Majina ya watu wa taifa moja yalandane kwa sauti, ili msomaji akisikia jina tu ajue mtu katoka wapi, ila mianzo na urefu vitofautiane. Kisha yasome kwa sauti. Jina linalokukwama wewe mwenyewe mdomoni litarukwa kwa macho mpaka mwisho wa kitabu, na mhusika wako atakuwa doa tu.

Macho ambayo tunaona nayo hadithi yasizidi matatu katika kitabu cha kwanza. Usimwache mmoja wao kwa zaidi ya sura tatu mfululizo, maana msomaji akimrudia atakuwa amesahau alichokuwa anakiogopa.

Utawala na adui

Falme za kuigiza huwa na mfalme, mwana mpotevu na waziri mwovu. Huku kwetu kuna mifumo yenye visa zaidi. Katika tawala nyingi za Usukumani wa zamani, mwana wa mtemi hakurithi kiti. Kilikwenda kwa mtoto wa dada. Ukitumia hilo, una mtawala anayewapenda watoto ambao hawatatawala, na mpwa anayelelewa kwa heshima ndani ya nyumba isiyomtaka. Mtemi pia aliangaliwa kuhusu mvua. Ukame ukizidi, kiti chake kinatikisika. Hapo njaa, siasa na nguvu za ajabu zimekutana mahali pamoja bila wewe kulazimisha.

Adui naye apewe hesabu yake. Kipimo ni hiki: mwondoe shujaa kitabuni, halafu uone kama mpango wa adui ungefaulu na kama watu wenye akili wangemfuata. Kama wanamfuata kwa sababu tu wao ni waovu, rudi kazini. Adui anayesema "mvua haijanyesha misimu miwili, na mimi ninajua pa kuipata" atapata jeshi.

Vita si lazima viwe vya mikuki. Ngoma za Wagika na Wagalu, zinazoonekana hadi leo kwenye sherehe za Wasukuma za Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, huchezwa na pande mbili kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Wapo wanaocheza na nyoka, wapo wenye mitindo ya kushtukiza, na kila upande una dawa zake na walimu wake waliotoka kwa waanzilishi wa pande hizo, Ngika na Gumha. Chukua mfumo huo uupeleke kwenye dunia yako: falme mbili zinamaliza ugomvi wa mpaka kwa ngoma, umati ndio mwamuzi, na upande wa kushindwa unaona watu wake wenyewe wakihama mmoja mmoja kuvuka uwanja. Msomaji anawahesabu. Mara dada wa mhusika naye anavuka. Kipigo cha namna hiyo hakihitaji damu.

Ukiandika vita vya silaha, msomaji ajue mambo matatu kabla ya mshale wa kwanza: jua liko wapi, nani akishikwa vita vinakwisha, na pa kukimbilia ni wapi. Zaidi ya hapo ni kelele.

Kiswahili chenyewe

Fantasia yetu huharibiwa na Kiswahili cha mahubiri: kila mtu anasema "ewe", kila mzee anatoa methali, kila mlango ni lango. Lugha nzito iwekewe mahali pake, kwenye viapo, hukumu na matambiko, na kwingine watu waongee kama watu. Kiapo kilichotamkwa kwa lugha nzito mara tatu tu katika kitabu kitasimamisha nywele.

Chunga mnyororo wa -ka-. "Akaingia, akakaa, akala, akainuka, akatoka" unakwenda mbio, na ndiyo maana unalewesha. Ukizidi vitenzi vitano, ukate kwa mazungumzo au kwa sentensi ya hali: mlango ulikuwa wazi, maharage yalikuwa yanaungua.

Salamu zifanye kazi ya maelezo. Badala ya aya nzima kuhusu vyeo, onyesha nani anamsalimia mwenzake kwanza, nani anapiga goti, nani anaulizwa ukoo wake na nani haulizwi. Siku mtu atakapokosa kusalimia, msomaji atajua vita imeanza.

Kwa maisha ya kila siku, usibuni kabla hujasoma. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa, ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mle mna pombe inavyopikwa, mahari inavyodaiwa, uvuvi, uwindaji, magonjwa na dawa zake, kwa utulivu ambao mwandishi wa fantasia anauhitaji kuliko majoka.

Kuhusu urefu: maneno 80,000 hadi 100,000 yanatosha kwa kitabu kimoja. Usishindane na wanaoandika kwa Kiingereza, maana kitenzi chetu kimoja huweza kubeba maneno yao matatu au manne. Sura iwe ya maneno 2,500 hadi 4,000. Ukiitoa kwa sehemu kwenye makundi ya simu, kila sehemu iwe na 1,000 hadi 1,500, na imalizike kwa deni jipya: ahadi iliyotolewa, kitu kilichochukuliwa, siku iliyopangwa. Kumaliza kila sehemu kwa kelele za "Mungu wangu!" kunafanya kazi mara mbili, ya tatu watu wanaacha kufuata.

Ushindi

Kisa cha Kisukuma cha Masala Kulangwa kina funzo ambalo waandishi wengi hulikosa. Zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote, kijana aliyezaliwa mafichoni analiua na kulipasua, na watu wanatoka wazima. Kingeweza kuishia hapo. Lakini wapo wasimulizi wanaoongeza kwamba wakati wa kupasua, kisu kilimkata bibi mmoja sikio, na bibi yule hakushukuru hata kidogo, alitaka kulipiza. Mwokozi sasa ana adui miongoni mwa aliowaokoa.

Tafuta sikio hilo katika mwisho wa riwaya yako. Nani ameumizwa na ushindi, na ana haki ya kukasirika? Mpe nafasi ya kusema, angalau ukurasa mmoja, na shujaa amjibu kwa kitendo. Baada ya pigo la mwisho msomaji anahitaji sura moja au mbili za kuona bei zote zimelipwa na nani, pamoja na zile ndogo za mwanzoni. Ukifunga kitabu kwenye aya ileile ambayo adui anaanguka, unamdhulumu.

Kabla ya kumpelekea mchapishaji

Mpe mtu asiyekujua vizuri sura tatu za kwanza. Usimwulize kama amezipenda, atakwambia ndiyo. Muulize manne: nguvu hii inagharimu nini? Kutoka mahali A hadi B ni siku ngapi? Nani anamdai nani? Unahofia nini kitatokea? Asipoweza kujibu la kwanza, bei yako imefichwa mno au imetajwa badala ya kuonyeshwa. La pili likimshinda, ongeza sentensi mbili za njia, usiongeze ramani. La tatu likimshinda, wahusika wako ni wengi. Unganisha wawili kuwa mmoja. La nne akilijibu vibaya, yaani anahofia jambo usilolipanga, kaa chini ulifikirie kwa makini kabla ya kulifuta. Mara nyingi hofu yake ni nzuri kuliko mpango wako, na inafaa kuhamia sura ya kumi.